Elfu hamsini niliyokataa kulipa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tororo, hapa Uganda, aliniandikia: “Kaka, nimepata mahindi Bweyale, nichukue mkopo au niache?” Nimeanza kumjibu mara tatu nikafuta. Ngoja nijibu hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kutoka magunia kumi hadi lori zima.

Agosti 2021 nilipakia magunia 200 Bweyale, tani 20. Machi ya mwaka huo Kenya iliyazuia mahindi yetu kwa siku chache kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti, kwa hiyo wanunuzi wa mpakani walikuwa wakali. Nilijua hayo yote. Pale ghalani alikuwepo jamaa mwenye kipima unyevu, akataka elfu 50 apime mzigo. Mimi nikang'ata punje, ikalia ka! Nikasema yamekauka. Shemeji yangu, mwenzangu wa mtaji, akacheka: “Umpe hela ya nini huyo?”

Busia, mpakani na Kenya, mnunuzi alichoma bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli, kwenye gunia la tatu, akamimina punje kwenye mashine yake, akanigeuzia kioo nisome: unyevu asilimia 17.2. Kiwango cha Afrika Mashariki, mwisho ni 13.5. Hakusema neno. Alifuta bambo lake kwenye suruali akaenda lori la nyuma.

Mahindi niliyonunua shilingi 900 za Uganda kwa kilo niliyatoa kwa 700, yakawa chakula cha kuku. Weka na usafiri wa milioni 2: hasara milioni 6. Shemeji akatangaza kwa ndugu wote kwamba mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Hiyo inaniuma kuliko hela.

Baadaye, darasa la jioni Kampala, mwalimu alituchorea mti wa maamuzi, mchoro wenye matawi ya kila kinachoweza kutokea na faida au hasara yake. Nikaweka mzigo wangu. Ukipita, nauza 1,200 kwa kilo, faida milioni 4. Ukikataliwa, hasara milioni 6. Tuseme mizigo saba kati ya kumi hupita: 0.7 mara 4, toa 0.3 mara 6, inabaki milioni 1 kwa wastani wa kila mzigo. Kumbe kununua hakukuwa ujinga! Nilichekelea, mpaka mwalimu akauliza: na ungejua kabla? Ningenunua ile saba tu, nikaacha ile mitatu: 0.7 mara 4, milioni 2.8. Tofauti ni milioni 1.8, na hapo ndipo mwisho wa bei unayoweza kulipia kujua. Ronald Howard, profesa wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika juu ya thamani hiyo ya taarifa tangu 1966. Mimi nilikataa elfu 50.

(Kipima unyevu hakioni sumukuvu, hilo ni pimo jingine. Lakini kuvu hupenda mzigo mbichi.)

Sasa wewe wa Tororo. Andika namba kwenye karatasi, usiniambie “Mungu anajua.” Mungu anajua, ndiyo, wewe je? Msimu mvua haikatiki, sema ukweli: hupita mizigo mitano kwa kumi. Hesabu ile ile inakupa hasara ya milioni 1, na riba ya mkopo bado hatujaigusa. Pima kwanza. Nakwambia tena, pima kwanza, hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Siku hizi nina kipima changu mwenyewe. Juzi shemeji alikuja kukiazima, hana hata haya. Nilimpa. Nikamtoza elfu 50.