Muulize Msusi: Asukwe kwa ajili ya ubatizo?

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miezi minane. Mbele nywele zimejaa, kisogoni ana kipara. Mwezi ujao tunambatiza, na mama mkwe anataka asukwe mtindo wa twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma, tena zikazwe ili zirefuke. Jirani naye anasema nimnyoe kwanza, eti zitoke nzito. Nifanye lipi?*
*Mama Binti, Majengo, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Saluni usimpeleke, na wembe uweke pembeni.

Hicho kipara kisikunyime usingizi. Nywele za kuzaliwa nazo hupukutika zenyewe miezi ya mwanzo, na kisogoni huchelewa kurudi kwa sababu mtoto analala chali na kusugua kichwa kwenye shuka. Akizoea kukaa na kutambaa, patajaa. Kunyoa hakuongezi unene, maana wembe unakata kilichoota juu na shina lake liko chini ya ngozi. Zikianza kuchomoza zina ncha butu, ukipapasa unahisi zimekuwa nzito, basi. Kama kunyoa ni mila ya ukoo wenu, hilo ni jambo jingine, mnyoeni kwa mila.

Sasa kukaza. Mimi nasuka hapa Mbuyuni, na wasichana wa sekondari wananijia likizo paji likiwa limepanda juu, pembeni mwa masikio hamna kitu. Ukiuliza, wamesukwa kwa kukazwa tangu wangali wanabebwa mgongoni. Shina likivutwa linavimba, vinatoka vipele vidogo kando ya paji, kisha nywele zinang'oka. Hapo ukiacha mapema zinarudi. Ukiendelea miaka na miaka, shina linakufa na pale hapaoti tena. Nywele ya kipilipili ikinyooshwa kwenye mstari huonekana imerefuka, na hicho ndicho mama mkwe anachokiona.

Halafu kumbuka utosi wa mtoto wako bado uko wazi. Wengi hufunga kati ya mwaka mmoja na miwili. Kumgusa au kumwosha hapo hakumdhuru, lakini ncha ya kitana cha mkia si ya kuchorea mistari juu yake.

Ukitaka apendeze siku hiyo, msuke mwenyewe mabutu manne au matano, makubwa, ya kulegea. Subiri ameshiba, ananyonya au amelala mapajani. Lowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta kidogo ya nazi, gawa kwa vidole. Shika nywele karibu na ngozi kwa mkono mmoja ili mkono mwingine ukichambua ncha, shina lisivutike. Msokoto wa kwanza ndio unaoumiza, kwa hiyo uache ulegee mpaka kidole chako kidogo kipite chini yake. Akilia, acha, hata kama umefika nusu. Atabatizwa na mabutu mawili, Mungu anamfahamu.

Uzi, rababendi na rasta bado kabisa. Shanga ndizo zinazonitisha zaidi: ikichomoka moja, inaishia mdomoni, na inaweza kumkaba. Jioni mfumue, asilalie vifundo. Usimfunge kitambaa kichwani akilala, kinaweza kushuka usoni. Ukishafumua, kung'uta nguo zake, na kipindi hiki cha baridi geuza soksi ndani nje. Unywele mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unakaza mpaka kinavimba na kuwa chekundu, na wewe unahangaika kumpa maji ya tumbo. Mtoto akilia bila sababu, anza na vidole vya miguu.

Kuosha, mara moja kwa wiki kwa sabuni laini ya mtoto inatosha. Kama ana yale magamba ya njano yenye mafuta, usiyabandue kwa kucha. Paka mafuta, yakilainika sugua na brashi laini, kisha osha. Lakini ukiona viraka vya duara vyenye unga na nywele zimekatika, hayo huenda ni mapunye. Mafuta ya kupaka pekee hayafiki kwenye shina, inahitajika dawa ya kunywa ya hospitali, na chanuo lake lisitumiwe na kaka zake. Mwezi ujao si unampeleka kliniki kwa chanjo ya surua ya miezi tisa? Mwonyeshe nesi kichwa hapo hapo.

Mama mkwe usibishane naye. Mpe mtoto, mpe mafuta, mwombe akusaidie kugawa nywele huku wewe unasuka. Na siku utakapompeleka binti kwa msusi, akiwa mkubwa wa kusema "inauma", kaa karibu umtazame nyusi: zikiinuka zenyewe, mwambie msusi afumue mstari ule, hata kama umeshalipa.