Mwanangu amepewa upagazi, nimshonee nini?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Shuleni kwa mwanangu wa miaka 9 wanaandaa mchezo wa misafara ya zamani. Nilitamani awe Mtemi Mirambo, lakini amepewa upagazi. Mchezo ni mwisho wa muhula na mwakani wataurudia. Naye anarefuka kama mhindi wa masika: suruali ya Januari imeshapanda juu ya vifundo. Nimvalishe nini nisiingie gharama mara mbili?
Mama wa watatu, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisikitikie nafasi aliyopewa. Njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji ilikanyagwa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu wa huku kwetu. Mtu alibeba karibu frasila 2, yaani kilo 32 hivi, siku baada ya siku. Mvalishe kwa heshima hiyo.

Halafu weka mkasi kando. Mwaka juzi nilimshonea mjukuu wangu kanzu ya mchezo kama huu, nikaikata sawasawa na kimo chake. Mchezo ukaahirishwa miezi minne. Siku yenyewe ilipofika, kanzu ilimwishia katikati ya muundi, na mtoto akacheza huku anavuta pindo. Iliniuma sana. Wewe una bahati, kwa sababu vazi la mpagazi ni shuka, na shuka haikatwi.

Zamani zile shuka ilikuwa nguo na fedha pia. Shuka mbili ni doti moja, na kwa doti msafara ulinunua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi. Kitambaa cheupe kisichopaushwa kilikuja Unguja kwa meli za Salem, huko Marekani, ndiyo maana hata leo ukimwambia muuza vitambaa "nipe marekani" anajua anyooshe mkono wapi.

Nunua yadi 2 za marekani. Ifue kwanza, kwa kuwa mpya ina wanga na itaruka. Kisha chemsha majani ya chai mengi na chumvi kidogo, uiloweke usiku kucha ipoteze ule weupe wa dukani. Itie rangi kabla hujaikunja! Ukikunja kwanza, mwakani ukifumua utakuta mstari mweupe umekatiza tumboni. Ikikauka, kunja upande wa juu kwa ndani, upana wa viganja viwili vyako, upige bandi ndefu kwa mkono. Hapo ndipo umehifadhi urefu wake wa mwakani. Mzungushie kwapani, ncha mbili zikutane juu ya bega la kushoto, ufunge fundo. Ndani avae kaptura yake.

Kiunoni mfunge kipande cha kaniki, ile ya bluu nyeusi. Nayo ilikuwa bidhaa ya misafara, ikitoka India. Vitenge vya maua achana navyo. Katambuga pia hapana, maana ni za matairi ya magari, na magari hayakuwapo. Aende pekupeku. Ushanga mwekundu na mweupe wa mkononi utunge kwenye uzi wenye mikia mirefu, uwe unalegezwa.

Mzigo ndio utakaomtambulisha. Jaza foronya maganda makavu ya mahindi, viringisha kwenye kipande cha mkeka, kaza kwa kamba ya katani. Aubebe begani, kama Wanyamwezi wengi walivyobeba, na chini yake umwekee kitambaa kilichokunjwa mara nne, kamba isimchune.

Siku tatu kabla ya mchezo mzoeshe kutembea uani akiwa amevaa kila kitu. Mkono mmoja utakuwa umeshika mzigo, kwa hiyo fundo likilegea atakuwa na mkono mmoja tu wa kulidaka. Ukiona linateleza, lishikize kwa pini kwa ndani.