Mwimbaji wa bendi anapoingia studio peke yake: maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka kwa waimbaji wa bendi za kumbi na harusi hapa Dodoma wanaotaka albamu ya kwanza kwa jina lao. Mengi yana mzizi mmoja: mazoea ya jukwaani yanaingia studio bila kupiga hodi.

Shikamooni. Jukwaani nasifiwa, lakini nikirekodi sauti inatoka kali, na wimbo wa pili tu nimechoka. Nikijizuia, ladha inapotea. (Nkuhungu)

Marahaba. Anza na ufunguo kabla hujalilaumu koo. Bendini ufunguo huchaguliwa kwa raha ya magita, na kiitikio hupandishwa ili kipite juu ya dramu. Studio hakuna dramu ya kushindana nayo. Shusha wimbo nusu toni mbili au tatu, kisha jaribu sehemu ya chini kabisa ya ubeti: ikimezwa, umeshusha mno, rudi nusu toni moja.

Simama shibiri moja kutoka maiki, yaani sentimita 15 hadi 20, na kichujio cha pumzi katikati. Kama hakipo, soksi nyepesi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya inafanya kazi ileile. Geini, yaani kiwango cha sauti kinachoingia toka maiki, iwekwe ukiimba kiitikio kwa nguvu zako zote, kilele kisipite desibeli -6. Ikigonga nyekundu, mpasuko unabaki kwenye faili, na miksi haiuondoi.

Chumba nacho. Nyumba zetu nyingi zina kuta za saruji na vigae, hivyo sauti inarudi. Watu huning'iniza godoro nyuma ya maiki, kumbe maiki nyingi za studio hazisikii sana upande wa nyuma. Godoro linatakiwa nyuma ya mwimbaji, maana mwangwi wa ukuta ule ndio unaoingia moja kwa moja. Kama paa ni bati tupu, rekodi usiku au alfajiri kabla upepo haujaamka.

Imba kiitikio kwanza, koo likishapata moto, kisha beti. Mara nne hadi sita kwa kila sehemu zinatosha kuchagua vipande bora. Ukifika ya kumi na tano unarekodi uchovu. Saa mbili kwa siku basi. Ukitoka kwenye shoo ya usiku, pumzika siku nzima, hasa kiangazi ambapo hewa ya hapa ni kavu na vumbi halina adabu.

Nyimbo tatu nilizitunga nikiwa bendini. Kiongozi anasema ni mali ya bendi. (Makole)

Tenganisha utunzi na rekodi. Aliyetunga maneno na melodi ndiye mtunzi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda. Rekodi ya zamani ni jambo jingine: kwa kawaida humhusu aliyeigharamia, kwa hiyo usichukue hata kipande cha trampeti humo bila ruhusa. Rekodi upya. Ila kama ulisaini mkataba wa ajira na bendi, usome kwanza, kwani unaweza kubadilisha hesabu nzima.

Mliotunga pamoja kaeni mwandike karatasi moja: jina la wimbo, majina, asilimia za kila mmoja zikitimia 100, saini, tarehe. Tuseme maneno na melodi ya beti ni vyako, na mpiga solo ndiye aliyebuni melodi ya kiitikio. 75 kwa 25 ni mgawanyo mnaoweza kukubaliana bila kununiana. Andikeni kabla ya kurekodi. Wimbo ukishashika, kila mtu anakumbuka kwamba aliutunga yeye. Kisha sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wewe mwenyewe ujisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa.

Nataka ilimba (marimba ya vidole) na zeze kwenye wimbo wa pop. Tulipojaribu, kinanda kilisikika kama kimeharibika. (Chamwino)

Kinanda ni kizima, na ilimba nayo ni nzima. Muziki wa Kigogo, huo ambao Hukwe Zawose aliupeleka duniani, umesimama kwenye harmoniki za asili, yaani sauti za juu zinazolia ndani ya kila noti. Harmoniki ya saba iko senti 31 chini ya noti iliyo jirani yake kwenye kinanda, karibu theluthi ya nusu toni. Hapo ndipo panapokwaruza.

Pima ilimba yenyewe kwa kipima noti (tuna), noti moja moja, kwa kuwa kila fundi ana sikio lake. Kisha shusha noti hiyo kwenye kinanda cha programu, au, rahisi zaidi, acha kinanda kipige noti ya msingi na ya tano tu pale ilimba inapopita. Na mwambie prodyuza asiweke programu ya kunyoosha sauti juu ya zeze wala waitikiaji wa Kigogo. Itawavuta kwenye noti za kinanda na utabaki na kitu kisicho cha Ugogoni wala cha mjini.

Sebene nilikate kabisa? (Kisasa)

Hapana, lifupishe. Wimbo wa dakika nane utoshe dakika tatu na nusu, kiitikio kifike kabla ya sekunde ya 45. Kwa mwendo wa mapigo 104 kwa dakika, baa nane za mapigo manne ni sekunde 18 hivi. Baa nane za sebene baada ya kiitikio cha pili zinatosha kumkumbusha msikilizaji ulikotoka.

Lazima niache bendi? (Area C)

Si lazima. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake mwaka 1985 akiwa bado Queen, na Julai mwaka huohuo alikuwa nao jukwaani Wembley. Kubalianeni tarehe tu. Usiachie wimbo wiki ambayo bendi inaachia wake.

Narekodi hapa, miksi itafanyika Dar. Nitume nini? (Nzuguni)

Faili za WAV, biti 24, kilohezi 48, zote zianzie sekunde ya sifuri hata kama ala inaingia dakika ya pili. Toa rivabu (mwangwi wa kutengeneza) na madoido mengine, ila ambatisha mfano mmoja wenye madoido uyapendayo. Andika mwendo na ufunguo. Wimbo wa dakika tatu wenye traki 30 za mono unakaribia MB 780, kwa hiyo diski mbili, moja ibaki nyumbani. Umeme nao hauagi: weka UPS, betri ya akiba, na programu ijihifadhi kila dakika mbili.

Masta, nakala ya mwisho, imekamilika. Nipandishe lini mtandaoni? (Majengo)

Mpe msambazaji wiki nne. Spotify wanataka wimbo uombewe orodha zao angalau siku saba kabla ya kutoka, na ukikosea picha au jina, marekebisho yanakula siku. Kava iwe pikseli 3000 kwa 3000. Masta isikandamizwe kupita kiasi. Spotify hushusha nyimbo zenye sauti kubwa hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), unabaki na mkandamizo bila ukubwa. Na jina lako liandikwe herufi kwa herufi namna moja kwenye kila wimbo, bila jina la bendi mbele yake, la sivyo nusu ya albamu itaangukia ukurasa wa bendi.