Babu yako na pori lake

Mwanangu,

Meseji yako niliiona tangu juzi ila nikasema hii siijibu kwa voisi, nakaa chini naandika. Umeniuliza eti ni kweli babu yako alikua anakimbilia porini sababu hapendi kukaa na watu, ma'mdogo wako ndo kakwambia hivo kwenye sendofu. Alafu ukaniuliza kama ile mizinga yake ya nyuki bado ipo na kama unaweza kwenda kuiona.

Ma'mdogo wako hajadanganya sana. Yeye ni kitinda mimba, akili inamjia mzee tayari anatoka nyumbani mwezi wa sita anarudi mwezi wa nane ndevu zimejaa, sasa mtoto mdogo atasemaje? Ataona baba hanitaki. Ila mimi nilimkuta kabla ya hapo.

Zamani hatukua hapa barabarani. Tulikua tunakaa ndani kule, nyumba chache, miembe, na miombo inaanzia nyuma ya choo, yani mzee alikua anatoka asubuhi anazungukia mizinga yake saa nne yupo nyumbani anakunywa uji. 1974 ikaja operesheni vijiji, watu wakaambiwa wasogee barabarani, shule ipo huku, zahanati huku, na kweli shule ndo iliyonifanya mimi leo nakuandikia barua. Tukahama sisi, nyuki hawakuhama. Kuanzia hapo kwenda kwenye mizinga ikawa ni safari, baiskeli Phoenix, unga, chumvi, dawa ya malaria, debe tupu huku na huku, na ukishafika mbali hivo hurudi kesho. Ndo akaanza kulala kambini kule porini na walina asali wenzake. Kwaiyo mtu akisema alikimbia nyumbani, mi naonaga kama nyumba ndo ilimkimbia yeye.

Lakini pia nisikufiche, alikua anapapenda kule. Ata kama mizinga ingekua uani angetafuta sababu. Ndani ya nyumba alikua halali mpaka mvua inyeshe, kitanda chake cha kamba kilikua chini ya mwembe. Tulivompeleka Dar kutibiwa macho alikaa kwa mjomba wako kule ghorofani akawa anauliza kila jioni, hapa jua linazamia wapi? Hakuna aliyekua na jibu, mana mbele ghorofa nyuma ghorofa.

Kambi ya wanaume wanawake walikua hawaendi, ndo desturi ya huku. Mimi nilienda. Bibi yako aligoma, mtoto wa kike kambini anaenda kufanya nini, mzee akajibu "miguu si anayo?" basi ikaisha hivo. Nikapakiwa kwenye kerea ya baiskeli juu ya gunia la matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha. Njiani ndorobo, wale mbung'o, wametuchoma mpaka mgongo umevimba, yeye anapunga tawi huku anaendesha anapiga mluzi.

Mluzi wenyewe ulikua na kazi. Kuna kandege kadogo ka kijivujivu kanaita kanarukaruka mti hadi mti kanakupeleka walipo nyuki wa porini, na kenyewe kanachotaka ni nta na watoto wa nyuki. Mzee alikua anakajibu, kanasogea, anakajibu. Tukishapasua gogo anakaachia kipande cha sega juu ya jani, wazee walikua wanasema usipokaachia siku nyingine katakupeleka kwa chatu. Nilimuuliza baba kweli? Akasema sijui, mi naachaga.

Kulina asali kwenyewe ni usiku. Anapanda na kamba ya magome kiunoni, mkononi kienge, lile fungu la majani na vijiti linatoa moshi, cheche zinaanguka chini kwenye giza na sisi tumejikunyata mbali tumejifunika kanga. Mzinga wa gome ukifunguliwa mlio wa nyuki unabadilika, kwanza ni mvumo alafu unakua kama mtu anapiga kelele mdomo umefungwa. Yeye hana haraka. Mkono unaingia polepole, sega la asali linashuka kwenye ndoo, akigusa sega lenye watoto anarudisha mkono. Na hamalizi kamwe, anawaachia. Kuna jirani alikua anakomba mzinga wote mwaka ule ule akalalamika nyuki wamehama, mzee akawa anacheka peke yake siku nzima.

Alikua anaonja asali anakwambia hii ya maua ya mti wa mtundu, hii ya maua ya baadae. Mwezi wa tisa kabla ata ya tone la mvua miombo inatoa majani mekundu, pori zima jekundu, yeye ndo alikua anaitumia kama kalenda, akiona hivo anasema nyuki wameanza kula hao. Uyoga aliujua kwa jina, matonga, yale matunda ya porini, alijua mti upi mtamu upi mchungu. Herufi alikua anasoma kwa shida ila nyayo alisoma, huyu pongo, huyu kapita jana.

Kitu kimoja sikukubaliana nae ni magome. Ukibandua gome la mti kuzunguka ili utengeneze mzinga, ule mti unakufa, na walikua wanabandua hasa masika mana linatoka kirahisi. Mabwana nyuki, wale wataalamu wa ufugaji nyuki, walikuja kufundisha mizinga ya masanduku ya mbao, mzee akasema nyuki hawezi kukaa kwenye kabati. Mjomba wako akaweka mawili kimya kimya, nyuki wakaingia. Mzee alipita pale akatazama, hakusema kitu, mwaka uliofata akaomba misumari.

Sasa bibi yako. Hapa ndo ma'mdogo ana haki ya kulalamika, sababu karanga, mahindi, watoto kuumwa usiku, vyote vilikua vya bibi. Lakini muulize bibi mwenyewe alivokua anasema: "Mume wangu mimi ni wa msimu." Na alikua anasema huku anacheka, mana mzee akikaa nyumbani wiki mbili anaanza kuhesabu kuku na kuuliza chumvi imeishaje. Ada zetu zilitoka kwenye asali na nta aliyopeleka ushirika, bibi alizipokea akazipanga. Alichoka, ndio. Kuachwa hakuachwa.

Na kuhusu watu, mtu asiyependa watu hawezi kujaza uwanja kila anaporudi. Akifika tu na madebe watoto wa kijiji kizima wapo, anakata masega anagawa mpaka bibi anapiga kelele tutauza nini sasa.

Mizinga ipo ya huku karibu tu, ya mjomba, masanduku. Ya kule mbali ilibaki upande wa mto Ugalla ambako toka 2019 ni hifadhi ya taifa, sio sehemu ya kuingia unavotaka. Ukipata likizo mwezi wa saba njoo, mjomba anaanza kulina kipindi hicho. Na lile dumu nililokutumia kwa basi asali imeganda sio feki, usitie kwenye friji, weka kwenye maji ya vuguvugu itayeyuka.

Ukija vaa mikono mirefu na buti, usije na nguo ya bluu wala nyeusi ndorobo wanazifuata sana rangi hizo, na yale marashi yako yaache huko huko kwa siku hizo, nyuki hawana utani.

Mama yako.