Ngozi nyeusi ya chuma inatoka wapi?

Swali: Ami, asalaam alaykum. Mimi fundi mageti hapa Wete. Geti nililolifunga karibu na bandari limeanza kubanduka rangi, na kila kipande kinachotoka kina ngozi nyeusi ya flatibaa, yaani chuma bapa nilichotumia, kwa nyuma. Mdogo wangu anayesoma ufundi anasema viwandani ngozi hiyo wanaifanyia hesabu kwa kompyuta. Wanahesabu nini, na mimi inanihusu vipi?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Ngozi hiyo si kinga. Ni chuma kilicholiwa na hewa kikiwa motoni. Kiwandani pande la chuma hupashwa hadi nyuzi joto 1,200 hivi, kisha hupitishwa kati ya rola mpaka liwe jembamba, na kwa joto lile uso wake huota magamba papo hapo. Nimeyaona kwa mhunzi Mkoani akifua shoka kwa springi ya gari: nyundo ikitua, vigamba vinaruka, na pale vilipotoka chuma kinawaka zaidi.

Kiwandani huyang'oa kwa maji ya kasi kubwa, lakini huota mengine yakaingia na chuma ndani ya rola. Chuma kinarefuka, gamba haliwezi kukifuata. Tazama donge la chapati lililoachwa wazi likakauka juu: ukilisukuma, ngozi inapasuka na unga laini unachomoza kwenye nyufa. Chuma nacho huchomoza vivyo hivyo kikagusa rola, kwa sehemu ndogo ya sekunde, mahali jicho halifiki. Kwa hiyo wataalamu huligawa pande na gamba lake, ndani ya kompyuta, vipande vidogo maelfu. Kila kipande hupewa joto lake na ugumu wake, halafu hesabu huenda hatua kwa hatua: kipi kimevutika, kipi kimekatika, ufa umefunguka kiasi gani. Gamba la moto sana hunyumbuka. Likipozwa na rola hupasuka.

Flatibaa yako imekuja na gamba jembamba lenye nyufa kama hizo, na rangi umeipaka juu yake. Chumvi ya bahari ikiingia ufani, gamba na chuma huwa kama betri, na kinacholika ni chuma. Pitisha gurainda mpaka chuma kionekane cheupe, hasa ubavuni mwa weldi, futa vumbi, na rangi ya kwanza uipake siku hiyo hiyo, kabla ya umande.