Hupitia au hupitishwa? Vitenzi vya seva wakala

SWALI: Ninaandaa mwongozo wa Kiswahili kwa wanafunzi wanaoanza kutumia mifumo ya jamii ya Unix. Nimeandika hivi kuhusu Proxychains, programu inayopeleka miunganisho ya programu nyingine kwenye seva ya kati (proxy): "Proxychains inapitia miunganisho ya programu kwenye seva mbadala." Mwenzangu anasema sentensi hiyo ina kasoro, ila hawezi kunieleza iko wapi. Nibadilishe nini?

JIBU: Sikio la mwenzako halikumdanganya, na kasoro kubwa iko kwenye kitenzi. Pitia kinapofuatwa na jina la mahali au njia, humaanisha kwenda kwa njia hiyo: basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma linapitia Morogoro. Kinapofuatwa na kitu ambacho si njia, hasa maandishi au hesabu, humaanisha kukagua: mhariri anapitia makala, mhasibu anapitia risiti. Sentensi yako, ikisomwa jinsi ilivyo, inasema kwamba Proxychains inaikagua miunganisho mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo programu hiyo haifanyi kabisa. Ulichokusudia ni kwamba inaisababisha miunganisho ipite mahali fulani, na kazi ya kusababisha katika Kiswahili ni ya pitisha.

Tofauti hii ina manufaa zaidi ya kusahihisha sentensi moja, kwa sababu inalingana na tofauti iliyomo ndani ya mitambo yenyewe. Ziko programu zinazojua kutumia seva wakala (ndiyo "seva mbadala" yako; jina nitalieleza hapo chini) bila kusaidiwa: curl, amri ya kuleta data kutoka mtandaoni, kwa mfano, husoma kigezo cha mazingira (thamani yenye jina ambayo programu hupewa inapoanza) kiitwacho http_proxy, ikaona anwani iliyowekwa humo, na kwa hiari yake ikaanzia hapo. Programu ya namna hiyo hupitia seva wakala, kama basi linavyopitia Morogoro. Proxychains imeundwa kwa ajili ya programu zisizo na ujuzi huo. Mtumiaji anapotanguliza neno proxychains mbele ya amri yake, maktaba ndogo (mkusanyo wa msimbo unaotumiwa na programu) hupakiwa kabla ya maktaba za mfumo kwa njia ya LD_PRELOAD, kigezo cha mazingira kinachotaja maktaba ya kutangulizwa, na kila programu inapoita connect ili kufungua muunganisho, maktaba hiyo huudaka wito huo na kuuelekeza kwa seva iliyotajwa kwenye faili la usanidi. Programu yenyewe haina habari. Inaamini imekwenda moja kwa moja. Hii haipitii, bali hupitishwa, na kauli ya kutendwa inabeba hasa ile hali ya kutojua. Ukiishika tofauti hiyo katika mwongozo wote, mwanafunzi ataelewa pia kwa nini programu iliyounganishwa na maktaba zake moja kwa moja wakati wa kuundwa haipitishwi, kwani hapo hakuna wito wa kudakwa, na kwa nini ping, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu, nayo haipitishwi, kwa kuwa Proxychains hushughulikia miunganisho ya TCP tu, na ping haitumii TCP.

Sasa jina. Najua "seva mbadala" imeenea, lakini mbadala ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine: dawa mbadala, nishati mbadala. Seva tunayoizungumzia haishiki nafasi ya seva ya mwisho; inakwenda huko kwa niaba ya aliyeituma na kurudi na jibu. Hiyo ni kazi ya wakala, na hakuna msomaji wa Kiswahili asiyemjua wakala, awe wa mabasi au wa kutoa pesa kwa simu. Waarabu nao huiita seva hii kwa jina la wakili, ila sisi wakili tumekwisha kumpeleka mahakamani, na kumrudisha itakuwa vigumu. "Proksi" haina kosa, na mafundi wengi ndiyo watumiayo katika mazungumzo, lakini katika mwongozo wa wanaoanza ningependelea neno linalojieleza.

Upatanisho wa kisarufi usikutie hofu. Katika "seva wakala" kichwa cha kirai ni seva, kwa hiyo andika "seva wakala inapokea" na "seva wakala tatu zinapokea". Atakayeandika "seva mawakala", kwa kufuata mfano wa "nchi wanachama", ana hoja. Mimi huliacha neno la pili bila kiambishi kwa sababu wakala hutumika pia kwa umoja na wingi pasipo kubadilika. Ukiliacha neno seva na kubaki na wakala peke yake, usiandike "wakala ambaye" kwa kompyuta isiyo na uhai.

"Muunganisho" umeliandika vizuri. "Muungano" waachie wanasiasa.

Basi sentensi yako iwe hivi: "Proxychains hupitisha miunganisho ya programu kwenye seva wakala moja au zaidi." Nimechagua hu- badala ya -na- kwa kuwa unaeleza kazi yake ya kawaida. Ukifika kwenye mfano wa mstari wa usanidi, tuseme socks5 127.0.0.1 9050 (yaani aina ya seva wakala, anwani yake na poti yake), unaweza kuongeza: "Kwa mstari huu, miunganisho hupitishwa kwenye seva wakala iliyo ndani ya kompyuta hiihii, katika poti ambayo kwa kawaida ni ya Tor, mtandao wa kuficha utambulisho wa mtumiaji." Na seva zikiwa kadhaa zikifuatana chini ya chaguo la usanidi liitwalo strict_chain, andika kwamba muunganisho hupitishwa kwenye kila seva ya mnyororo kwa mpangilio ulioorodheshwa, na kwamba seva mojawapo ikizimika, muunganisho haufiki.