Mbona apu yangu iko sawa kwa simu lakini kwa tableti inaharibika?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko Kayole, nimetengeneza apu ndogo ya Android ya chama cha mamangu, ya kuandika nani ametoa mchango na nani bado. Kwa simu yangu iko fiti kabisa, lakini mweka hazina wetu anatumia tableti ya inchi 10 aliyonunuliwa na kijana wake, na akiifungua huko vitufe vinakuwa vikubwa ajabu na kile cha "Hifadhi" hakionekani kabisa, kimetoka nje ya skrini. Si tableti ndio kubwa? Imekosaje nafasi?

JIBU: Pole kwa hio kazi, na pia hongera kwa kuwafanyia kina mama kitu cha maana. Nimeangalia ile code uliyotuma, vipimo vyote umeandika kwa pikseli, vile vidoti vidogo vya skrini, na shida iko hapo tu. Simu yako ina pikseli 1080 kwa upana lakini zimebanana, 480 kwa kila inchi, na hio tableti ina 800 tu kwa upana, 160 kwa inchi. Yaani kwa hesabu ya pikseli tableti ndio ndogo! Kitufe chako cha pikseli 144 kwa simu ni karibu milimita 8, kwa tableti kinafika milimita 23, na "Hifadhi" umeiweka ianzie pikseli ya 850 wakati skrini imeishia 800, sasa itaonekana wapi?

Andika kwa dp, kipimo cha Android kinachofuata vile pikseli zimebanana. Dp 1 ni pikseli 1 kwa skrini ya 160 kwa inchi, kwa hivyo kwa simu yako dp 1 ni pikseli 3. Gawanya 1080 kwa 3 upate dp 360, halafu tableti yako ni dp 800, na sasa ukubwa unaenda vile macho yanaona. Kitufe cha dp 48 kitatoshea kidole cha mama kwa simu na kwa tableti, na "Hifadhi" usiihesabie kutoka kushoto, ifunge kwa ukingo wa kulia.

Ukishamaliza hapo ndio uje kwa mpangilio wenyewe. Acha ule wa simu kwa folda ya layout, tengeneza mwingine kwa layout-sw600dp, majina ya wanachama kushoto na michango kulia, maana tableti ina nafasi ya vyote viwili. Hio sw ni upande mfupi wa skrini, haibadiliki hata mtu akigeuza tableti, na 600dp maana yake folda ni ya skrini za kuanzia dp 600. Apu ikifunguka Android inaondoa kwanza folda zinazohitaji skrini kubwa kuliko iliyopo, halafu kwa zilizobaki inachukua ile ya karibu zaidi, kwa hivyo ukiongeza na sw720dp tableti yako ya 800 itachukua hio. Lakini tafadhali usiwahi kufuta ile folda ya kawaida ukaacha sw600dp peke yake, simu haitaazima mpangilio wa skrini kubwa, apu itaanguka tu, yaani ijifunge yenyewe.

Picha ni tofauti kidogo. Ukikosa kuweka logo ya chama kwa drawable-xxhdpi, folda ya picha za skrini zilizobanana kama ya simu yako, Android itachukua ya folda nyingine na kuipanua au kuipunguza yenyewe, haianguki, ila ikipanua ndogo sana unaona imekuwa na ukungu.

Na maandishi yaweke kwa sp, si dp, kwa sababu sp inafuata ukubwa wa herufi ambao mtu amechagua kwa setingi, na wamama wengi huongeza. Ndio maana urefu wa kitufe pia usiufunge, weka minHeight (urefu wa chini kabisa) ya 48dp na layout_height (urefu wenyewe) iwe wrap_content, yaani ujipime kwa maandishi yaliyo ndani, ili mama akikuza herufi neno lote lionekane, lisikatwe nusu.